Heller 20 ya Tabora: sarafu nzuri, muuzaji kaiharibu

Nimeinunua kwa ajili ya herufi moja tu: T. Kwenye heller, zile sarafu ndogo za koloni la Wajerumani Afrika Mashariki, herufi huonyesha mji zilikogongwa, na tumezoea kuona A ya Berlin au J ya Hamburg. T ni Tabora, mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, wakati meli za Waingereza zimeziba bahari na serikali ya kikoloni imeishiwa chenji. Wakazigonga wenyewe kwenye karakana ya reli. Humo humo ndimo zilimotoka sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye tembo, lakini hizo mimi nazitazama kwenye picha tu.

Yangu ni ya shaba ya manjano. Kingo hazilingani, taji limegongwa kwa pupa, upande mmoja alama hazikukolea. Ndiyo raha yake! Chukua lenzi ukaangalie neno HELLER: kwenye baadhi ya sarafu hizi ncha za L zimejikunja, nyingine zimechongoka. Zangu zimejikunja, nikachekelea peke yangu kama mtoto.

Kero ni muuzaji. Picha ilionyesha sarafu ya kahawia iliyotulia. Iliyonifikia inang'aa kama kitasa kipya, na kwenye shingo ya T kuna ukungu mweupe wa kitu kama ndimu na majivu. Nilipouliza, akanijibu, "Kaka, nimekusafishia bure."

Bure! Sisi wakusanyaji tunataka rangi yake ya uzee; kwa kuisugua, nusu ya thamani imekwenda na maji. Sarafu nyota tano, muuzaji mbili, moja ya hizo kwa sababu aliifunga vizuri.