Risasi za kujazwa upya zilivyotugomea Rungwa

Kama una mteja anayekuja kuwinda na risasi za kujazwa upya, yaani maganda yaliyokwisha kupigwa yakatiwa baruti na kichwa kipya, mwambie kabla hajapanda ndege: kila risasi ijaribiwe kwenye bunduki ileile atakayokuja nayo. Si zile tatu nne za juu ya boksi. Zote.

Msimu uliopita tulikuwa pori la akiba la Rungwa, upande wa Manyoni, tukifuata nyayo za mbogo toka alfajiri. Mteja kapiga ya kwanza, mnyama kajeruhiwa, anavuta bolti, lile komeo la bunduki, aweke ya pili, imegoma. Risasi imeingia karibu yote ila mpini haushuki! Akaanza kuupiga kwa kiganja, nikamkemea, maana hivyo ndivyo ganda linavyonasa mazima. Mbogo nilimmaliza mimi kwa bunduki yangu. Tungeweza kuzika mtu siku ile.

Jioni kambini nilijaribu za kiwandani: zikaingia laini kabisa. Basi bunduki haina kosa. Nikatoa pini ya kupigia, nikachukua moja ya zilizogoma, nikaipaka maka peni nyeusi, nikaisukuma taratibu na kuitoa. Wino ulikuwa umekwanguka sehemu moja tu, duara jembamba mbele ya ule mkanda, ukingo ulionyanyuka, wa kitako cha ganda la saizi ya .375 H&H. Begani mzima, shingoni mzima, kichwa hakijagusa popote. Maganda yale yalishapigwa kwenye bunduki nyingine yenye chemba (tundu la kukalia risasi) pana, yakavimba pale, na kalibu ya kawaida ya kurudishia umbo haishuki mpaka kwenye mkanda. Anayejaza kwa kuuza lazima alijue hilo, ndiyo kazi anayolipwa.

Mteja akampigia aliyezijaza, huko Afrika Kusini, spika ikiwa wazi. Jamaa hakuuliza hata zinagomea wapi. Akasema bunduki zikifika huku kwetu hazisafishwi. Hazisafishwi! Vijana wangu hawagusi chakula cha jioni kabla mitutu haijapitishwa kitambaa.

Kwa haki, zile zilizokubali kuingia zilikuwa na shabaha kushinda hata za kiwandani, na wapo wanaojaza kwa uangalifu mkubwa. Nilitaka kuandika kwamba kwa swala zinafaa. Lakini nikikumbuka ule mpini, hapana, hata swala sitaki. Kwangu mteja haingii porini mpaka nimepitisha kila risasi yake chembani kwa mkono wangu, na za yule jamaa hata akinipa bure zitarudi na boksi lake.