Sekonic L-308X ama mita ya ndani ya kamera? Uzoefu wangu hapa Kisumu

Nikitembea na hii Sekonic L-308X shingoni kwa harusi, kuna wageni wanauliza kama ni ya kupima presha. Ni mita ya mwanga tu, inaingia mfukoni, inakula betri moja ya AA.

Sasa iko hivi. Mita ya kamera inapima mwanga ambao ushagonga kitu ukarudi kwa lenzi, na haijui kama inaangalia gauni ama makaa, kila kitu inataka kiwe kijivu. Kwa hivyo bibi harusi akijaza fremu na gauni lake jeupe kamera inapunguza mwanga, gauni linakuwa rangi ya simiti na uso wa dada wa watu unapotelea gizani. Geukia wale vijana wa suti nyeusi, inaongeza, nyuso zinang'aa na mashati yanaungua. Na hii ya mkononi unasimama pale mtu alipo, ile kuba nyeupe unaielekezea kamera, inapima mwanga unaomwangukia yeye, inakupa tuseme 1/250 f/5.6, yaani kasi ya shata na uwazi wa lenzi, unaweka kamera manyuo uzipange mwenyewe na umemaliza, hata shangazi akiingia na kitenge cha njano namba ni ile ile mradi mwanga haujabadilika.

Lakini pesa yake nimeiona kwa flashi. Mita ya kamera haiwezi kunisomea flashi za studio, hii inangoja flashi iwake kisha inakupa namba ya f. Napima taa ya kushoto, napima ya kulia, naita familia. Wamama wazee hawana subira ya kusimama wakikungoja ujaribu jaribu.

Kule ufuo wa Dunga jioni jua likiingia ziwani inabaki kwa begi. Hapo unachopiga ni anga lenyewe, kuba haiwezi kulipima, na ukiigeuza isome mwanga unaorudi inaangalia upana wa digrii 40, ni kubwa mno. Natumia spoti ya kamera, ile inapima kipande kidogo tu cha fremu, kando ya jua, na histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha. Kwa dansi pia, taa za dijei zikibadilika kila sekunde, nani ataenda kumwekea mtu mita kidevuni? Napiga spoti kwa shavu, na kwa ngozi nyeusi natoa kama stopu moja, yaani nusu ya mwanga, ndio kamera isimpaushe.

Kama uko na mirales, ile kamera haina kioo ndani, na unapiga mwanga wa nje tu, wachana nayo, nunua lenzi. Kama unatumia flashi za manyuo ama filamu, chukua, hata ya mtumba, bora kuba isiwe imegeuka njano. Ijaribu saa sita jua likiwaka bila mawingu, ISO (wepesi wa kunasa mwanga) ikiwa 100, kuba ikiangalia jua, inafaa isome karibu 1/125 f/16. Ikikosea kwa stopu nzima mrudishie mwenyewe.