Mamangu aliachwa barazani

Nyota moja, na hata hiyo naitoa kwa ajili ya binti mmoja nitakayemtaja mbele. Mengine yote yamenichoma na mpaka leo sijapoa. Jina la makumbusho siliandiki kwa sababu wanaoyaendesha ni watu wa kujitolea, na baadhi yao ni majirani wa jamaa zetu.

Mamangu alizaliwa Kibokoni, akakulia huko huko Mji wa Kale wa Mombasa, kabla hajahamia ng'ambo Kisauni. Tangu apatwe na kiharusi anatumia kiti cha magurudumu. Aliposikia kuna nyumba imefunguliwa kuonyesha maisha ya zamani ya mtaa, hakutupa raha mpaka tukamwahidi kumpeleka. Nilipiga simu kwanza, nikauliza habari ya kiti. Nikajibiwa, "Njooni tu, ubao wa kupandishia kiti upo."

Ubao ulikuwapo kweli. Tuktuk ilitushusha karibu, tukakunjua kiti, tukafika kwenye mlango wa kuchonga ambao kizingiti chake cha chini kimeinuka kiasi cha shubiri moja. Nikauliza ubao uko wapi. Mzee aliyekaa na daftari la wageni akamtazama mwenzake. Kabla hawajajibu nikauona: umelazwa juu ya kreti mbili za soda, umetandikwa kitambaa, na juu yake wamepanga vitabu vya kuuza na bakuli la mchango. Wameufanya meza!

Nikaomba vitabu viondolewe. Wakasema kupanga upya ni kazi na kuna wageni wengine njiani, basi vijana watambeba. Wambebe! Mamangu ni mwanamke wa buibui, hajashikwa na mwanamume asiye maharimu wake ila daktari. Akakataa kwa upole. Ndipo yule mzee akatamka maneno ambayo bado yananiuma: "Nyumba hizi hazikujengewa viti hivyo."

Nyumba hizi nazijua. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, dari za boriti za mikoko, vyumba vyembamba kwa kuwa boriti yenyewe haifiki mbali. Hakuna aliyewaambia wabomoe kitu wala wang'oe mlango. Na hao hao waliozijenga ndio walioweka baraza nje, mgeni apate pa kukaa kwa heshima. Hospitalini tulifundishwa kwamba kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita 12 za ubao. Kwa shubiri moja, ubao ule ulikuwa unatosha kabisa. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali kama pale, na mimi nilikuwa naombea vitabu visogezwe dakika kumi tu.

Basi tukaingia zamu zamu, mama kaachwa na mmoja wetu barazani.

Hapo akatoka binti, mdogo hata kwa watoto wangu. Akamwamkia mama shikamoo, akaketi karibu naye, akamwuliza kwao wapi. Akarudi ndani, akaja na kifumbu cha kuchujia tui, kisha picha ya zamani ya lelemama katika fremu. Chini yake pameandikwa "ngoma ya wanawake" tu. Mama akaishika kwa mkono wake mzima, akaiinamia, akaanza na sare, akaenda kwenye pembe walizokuwa wakizipiga, akafika kwenye enzi za vyama vya lelemama vya Ibinaal Watan na Banu Saada kushindana, mji mzima ukigawanyika. Binti anaandika mbio mbio nyuma ya risiti. Tangu augue sijamsikia mama akisema mfululizo vile. Nikasema moyoni, hawa nawapa nyota nne, na yaliyopita yamepita.

Mzee akatokea mlangoni. Vitu havitolewi nje, akasema, na picha ikachukuliwa mkononi mwa mama kabla hajamaliza alilokuwa akilieleza. Wakati wa kuondoka tukahesabiwa mchango, na mama naye akahesabiwa! Nikalipa ili asisikie mabishano.

Ndugu zangu wananiambia nisiwe mkali, hawa hawalipwi. Ni kweli, na bila wao picha ile ingekuwa imeliwa na mchwa zamani. Nawashukuru kwa hilo bila kinyongo. Lakini kuondoa vitabu juu ya ubao hakuhitaji mshahara, na kama wangeuondoa, wangepata maelezo ya picha zao zote kwa mtu aliyeyaona.

Mwenye mzee wa kiti nyumbani asiende mpaka aambiwe ubao umeshawekwa mlangoni. Au aende ikiwa yule binti yuko zamu, hata akiishia barazani. Mama anataka kurudi, anasema hajammalizia binti habari. Mimi sitaki kuiona sura ya yule mzee. Pengine nitampeleka, ila ubao nitakwenda nao mwenyewe, seremala nimeshamwagizia.