Boo Radley hana hatia: maoni yangu kuhusu To Kill a Mockingbird

Nakala yangu nilinunua kwa wauza vitabu vya mtumba Posta, jalada limechubuka ila kurasa zote zipo. Riwaya hii ya Harper Lee ilitoka 1960, ikapata tuzo ya Pulitzer 1961. Wengi humsifia Atticus, yule wakili. Mimi aliyenishika ni Arthur Radley, wanayemwita Boo, jirani asiyetoka nje.

Watoto wa Atticus, Jem na dada yake Scout, wanamzushia eti anakula kindi na paka wabichi. Hata huku kwetu Temeke, mtu akijifungia ndani kidogo tu, keshapewa majini.

Wapo wanaosema Boo ni mhusika mwepesi kwa kuwa haongei. Nakataa kabisa. Mtazameni kwa vitendo: kwenye tundu la mwaloni anawawekea watoto saa mbovu ya mfukoni, medali, na vijisanamu viwili vya sabuni vyenye sura ya Jem na Scout. Mtu huchonga sura ya mtoto asiyempenda? Kisha kaka yake Boo, Nathan, anaziba tundu lile kwa saruji, anasingizia mti unaumwa. Atticus anautazama, anaona mzima. Jioni Jem anarudi ndani, na Scout anagundua kaka yake alikuwa akilia. Ukurasa ule niliusoma tena na tena. Wa kulaumiwa ni Nathan.

Mwanzo unajikokota, na Tom Robinson, yule mtu mweusi anayetetewa na Atticus mahakamani, alistahili kusikika zaidi. Kiingereza cha riwaya si chepesi, lakini kijana wa kidato cha nne atakimudu. Mnunulieni.