Tahadhari: Stika za Saizi za Uongo kwenye Baiskeli za Mtumba, Mwanjelwa

Ndugu zangu mnaotafuta baiskeli za mtumba hapa Mbeya, hususan zile nyepesi za mbio zenye usukani uliokunjwa kuelekea chini, jihadharini na muuzaji mmoja wa maeneo ya Mwanjelwa anayebandika stika mpya za saizi juu ya fremu, kisha humwambia kila mteja kwamba hiyo iliyopo ndiyo saizi yake.

Mimi nilimtajia urefu wa mguu wangu kwa ndani, kuanzia msambani hadi sakafuni nikiwa peku, ambao ni sentimita 80. Ukizidisha kwa 0.67, kama wanavyofanya mafundi wengi kwa baiskeli za aina hii, unapata fremu ya takriban 54, na kweli alinitolea yenye stika ya 54, nikalipa shilingi 380,000. Nilipofika nyumbani nilipima kwa futikamba kuanzia katikati ya ekseli kuu, ile inayozungusha mikono ya pedali chini ya fremu, hadi ncha ya juu ya bomba la siti, nikapata sentimita 60. Nakiri kwamba viwanda havipimi kwa namna moja, kwani vingine huishia katikati ya bomba la juu, na fremu zenye bomba lililoinama huandikwa namba ya makadirio. Lakini bomba la fremu yangu limelala sawa, na nilipokwangua stika kwa ukucha niliikuta 60 ya kiwandani chini yake.

Nilipoirudisha, alishusha siti na kuisogeza mbele, akadai tatizo limekwisha. Kushusha siti huuwezesha mguu kuifikia pedali, lakini hakupunguzi urefu wa bomba la juu, na urefu huo ndio unaoamua mgongo utainama kiasi gani na mikono itabeba uzito gani. Kuisogeza siti mbele nako kuliyatanguliza magoti mbele ya pedali. Kabla sijafika Uyole vidole vilikuwa vimekufa ganzi, na magoti yaliniuma siku mbili.

La hatari zaidi lilimpata jirani yangu, ambaye ni mrefu kuliko mimi. Yeye aliuziwa fremu ndogo, nguzo ya siti ikiwa imevutwa kupita alama ya kikomo, na alama yenyewe imesuguliwa kwa msasa ili isionekane. Nguzo iliyobakiza sentimita chache ndani ya bomba inaweza kukatika au kulipasua bomba, na sitaki kufikiria hilo litokee kwenye mteremko wa Iwambi, malori yakiwa nyuma yako.

Kwa hiyo, kabla hamjalipa, ichomoeni nguzo yote muone ilikuwa imeingia kiasi gani, pimeni bomba la siti wenyewe, kisha simameni bomba la juu likiwa katikati ya miguu na viatu mkiwa mmevaa, muone kama pengo la sentimita mbili au tatu lipo kati ya bomba hilo na msamba. Muuzaji huyo hapendi kupimiwa. Aliponiona nimerudi na futikamba, alisema hicho ni kifaa cha fundi cherehani, na fedha yangu hajairudisha hadi leo.