Vitabu vya Sosholojia Chuoni: Kipi Ununue Kwanza Hapa Nairobi, na Kipi Usikigharamie

Kama pesa uliyo nayo inatosha kitabu kimoja tu, nunua cha mbinu za utafiti.

Najua hilo silo jibu analolitarajia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Akishapewa muhtasari wa kozi, jicho lake hutua kwenye bonge la utangulizi linaloongoza orodha, na jioni hiyohiyo anapiga simu nyumbani: "Mama, tumeambiwa tununue Haralambos." Mama anachomoa pesa ya chama, anatuma kwa M-Pesa. Muhula unakwisha na kitabu kimefunguliwa sura tatu. Nimeyaona hayo kwa wadogo zangu wawili, na bado nayaona kwa vijana ninaowasaidia masomo. Yananiuma, kwa sababu pesa ile ilikuwa na kazi nyingine nyumbani.

Kwa hiyo mpangilio wangu haufuati umaarufu wa kitabu wala unene wake. Kwa kila kimoja nimejiuliza: utakifungua mara ngapi tangu leo hadi siku ya kuwasilisha mradi wa mwaka wa mwisho?

Nafasi ya kwanza: mbinu za utafiti

Hapa Kenya jina ni Mugenda. Kitabu cha Olive Mugenda na Abel Mugenda kilichapishwa na ACTS Press hapahapa Nairobi mwaka 1999, na tangu hapo sijui mradi wa sayansi ya jamii niliousoma usiomtaja. Ni kitabu chembamba, Kiingereza chake ni chepesi, na kiliandikwa na watu wanaomjua mwanafunzi wa Kenya na matatizo yake. Mwaka wa pili utakihitaji kwa ajili ya CAT, yaani majaribio ya katikati ya muhula, mwaka wa tatu kwa pendekezo la utafiti, na mwaka wa nne utalala nacho.

Ila kisome. Wengi hukinukuu bila kukisoma, na ushahidi ni namba 384. Ukipita kwenye rafu za miradi ya wanafunzi utaikuta kila mahali, hata pale isipofaa: wahojiwa 384. Namba hiyo ina asili yake. Chukua 1.96, ambayo ndiyo inayoendana na uhakika wa asilimia 95, uizidishe kwa yenyewe. Zidisha kwa 0.5 mara mbili, kwa kuwa hujui ni watu wangapi wana sifa unayoichunguza, hivyo unakadiria nusu. Kisha gawanya kwa 0.05 iliyozidishwa kwa yenyewe, yaani kosa unalokubali kulibeba. Jibu ni 384.16. Hesabu hii ni ya umma mkubwa, wa watu zaidi ya elfu kumi. Ukichunguza walimu 60 wa shule moja, unagawanya 384 kwa 60, unajumlisha moja, kisha unagawanya 384 kwa jibu hilo, unapata kama 52. Maelezo hayo yote yamo kitabuni, kurasa chache tu. Mwanafunzi anayeyaelewa hatetemeki mbele ya jopo.

Upungufu wake upo. Kwenye utafiti wa mahojiano ya kina na wa kukaa na watu, maelezo ni mafupi mno. Hapo azima kitabu cha mbinu cha Alan Bryman maktabani, usikinunue. Kothari, yule wa India, amejaa hesabu zaidi, naye anamfaa anayejua mapema kwamba atafanya uchambuzi wa takwimu. Ukijiona unamnunua Kothari kwa sababu tu Mugenda wameisha dukani, rudi wiki ijayo.

Nafasi ya pili: vya kwetu

Mhadhiri aliyenifundisha mwaka wa kwanza aliweka vitabu vya Kiafrika mwisho wa orodha, chini ya maneno "usomaji wa ziada". Mimi nimevipandisha, na sababu yangu haina uzalendo mwingi: mtihani hukuomba mifano, na mwanafunzi mwenye mifano ya hapa huandika jibu ambalo mwenzake hana.

*Facing Mount Kenya* cha Jomo Kenyatta, cha mwaka 1938, kilitokana na masomo yake London chini ya mwanaanthropolojia Malinowski. Ni chepesi kupatikana na hakichakai. Kisome kwa jicho la kuuliza, maana mwandishi alikuwa akitetea watu wake mbele ya dola iliyowanyang'anya ardhi, na utetezi huo umeathiri alichokionyesha na alichokinyamazia. Hilo lenyewe ni swali zuri la insha.

*Male Daughters, Female Husbands* cha Ifi Amadiume, 1987, kinahusu Waigbo wa Nnobi kule Nigeria, jamii ambamo mwanamke angeweza kuoa mke na binti angeweza kushika nafasi ya mwana. Kwa kozi ya jinsia hakina mpinzani kwangu. Mwanafunzi wa Kenya atakumbuka mara moja kwamba ndoa ya mwanamke kwa mwanamke ipo pia kwa Wakamba na Wanandi, na tayari ana ulinganisho.

Philip Mbithi na Rasmus Rasmusson waliandika juu ya harambee mwaka 1977. Hicho hutakikuta kwa urahisi dukani, kwa hiyo kitafute maktabani. Kisome pamoja na makala ya Peter Ekeh ya mwaka 1975 kuhusu umma mbili za Afrika, ambayo haihitaji kununuliwa kwani maktaba nyingi za vyuo hukufikisha kwake kupitia mtandao. Ekeh anasema Mwafrika aliyepitia ukoloni anaishi katika umma wa aina mbili: ule wa jadi, ambao anajiona ana wajibu kwake, na ule wa serikali, ambao kuuchota hakumsumbui dhamiri. Nilipoisoma mara ya kwanza nilimfikiria jirani yetu aliyekuwa hakosi mchango wa mazishi hata wa shilingi hamsini, na hapohapo umeme wa nyumba yake ulikuwa wa kuunganishwa gizani. Miaka minne ya masomo, hakuna kurasa zilizonifungulia Nairobi kama zile.

Usisahau ripoti za sensa. Shirika la Takwimu, KNBS, limeweka majuzuu ya sensa ya 2019 mtandaoni, na kupakua ni bure. Kenya ilikuwa na watu 47,564,296, Nairobi 4,397,073. Vitabu vya nje vimezoea kusema Kibera, mtaa wa mabanda wa Nairobi, ina watu milioni moja, wakati sensa ya 2009 ilihesabu kama 170,000. Ubishi juu ya hesabu hiyo unaweza kuwa mradi mzima.

Nafasi ya tatu: utangulizi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Anza na cha bure. OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice kule Marekani, una kitabu cha utangulizi wa sosholojia ambacho toleo lake la tatu lilitoka mwaka 2021. Unakipakua kwenye simu bila kulipa, na leseni yake inakuruhusu kuchapa sura unayoitaka kwenye saiba yoyote bila kuvunja sheria. Mifano ni ya Kimarekani kupindukia, ila maana za dhana ziko wazi, na kwa muhula wa kwanza kinatosha.

Baada ya hapo, Anthony Giddens, mwanasosholojia wa Uingereza, wa mkono wa pili. Kitabu chake kilitoka mara ya kwanza mwaka 1989. Matoleo ya karibuni ameandika na Philip Sutton, na la tisa ni la 2021. Kwa kuyatazama mambo kwa upana wa dunia, huyu anawazidi wengine: utandawazi, mazingira na uhamaji amevipa nafasi. Toleo la sita au la saba bado linafaa. Mhadhiri akiandika toleo la mwaka fulani, mfuate kwa heshima umuulize, "Mwalimu, la zamani linakubalika?" Mara zote nilizouliza nilijibiwa ndiyo, mradi nisichanganye namba za kurasa kwenye nukuu.

Haralambos ndiye anayependwa kuliko wote, na anastahili kupendwa kwa jambo moja. Kila mada anakupangia hoja ya mwanazuoni mmoja, halafu ya anayempinga, halafu ya anayempinga mpinzani. Maswali yetu ya "Jadili" yanataka hivyohivyo, na usiku wa kuamkia mtihani hakuna wa kumshinda. Lakini ujue aliandikia nani: wanafunzi wa A-level wa Uingereza. Sura ya elimu ni shule za Uingereza, sura ya matabaka ni wafanyakazi wa Uingereza. Tena kuwa makini na chapa ya India yenye majina ya Haralambos na Heald. Hiyo ni ya mwaka 1980, na karatasi yake nyeupe inaweza kukufanya udhani ni kitabu kipya. Nadharia zake bado ni zilezile. Takwimu zake ni za kizazi cha babu yako. Ukiipata kwa bei ndogo, ichukue kwa ajili ya nadharia. Ukiambiwa bei ya toleo jipya, irudishe.

Vile vya Marekani vya rangi na picha, Schaefer na Macionis, viache. Ni vizuri kuvitazama, lakini unalipia picha.

Nadharia: usinunue bado

Marx, Durkheim na Weber wamekufa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na baadhi ya tafsiri zao za zamani ni mali ya kila mtu. Ilani ya Kikomunisti ya 1848 iko Project Gutenberg, maktaba ya bure ya mtandaoni, na kitabu cha Durkheim cha dini, kwa tafsiri ya 1915, kiko hukohuko. W.E.B. Du Bois, mwanasosholojia Mmarekani Mweusi, naye yupo, na ningependa wahadhiri wetu wamtaje zaidi. Ukifika mwaka wa tatu ukahitaji mtu wa kukufafanulia wote hao, tafuta kitabu cha nadharia cha George Ritzer kilichotumika. Kabla ya hapo kitakaa kwenye sanduku chini ya kitanda.

Mahali pa kununua, na jinsi ya kukagua

Kwa kipya, anza Text Book Centre, Kijabe Street au Sarit, kisha Savanis pale Latema Road. Piga simu kwanza, kwani vitabu vya chuo hawaweki vingi, na nauli ya kurudi mikono mitupu ni pesa. Kwa mitumba, nenda kwa wauzaji wa kando ya barabara za katikati ya mji, vile vibanda vya kuinama. Kanuni yangu: cha mkono wa pili kisizidi nusu ya bei ya kipya, na chenye wino wa manjano kila ukurasa kisizidi robo.

Mwaka wangu wa pili nilinunua kitabu kimoja pale mjini jua likizama. Nilikipekua mwanzo, nikakipekua mwisho, nikauliza, "Baba, hiki ni kizima kweli?"

"Dada, hiyo ni orijino. Ukikuta shida, niko hapa kila siku."

Nilifika Kahawa Wendani, nikakaa chini ya taa kusoma sura ya familia. Kutoka ukurasa wa 432 nikarukia 465. Kurasa 32 hazikuwepo, wala hazikuchanwa: fungu zima lilisahaulika wakati wa kujalidi. Niliporudi, yule muuzaji hakuwepo siku hiyo wala iliyofuata.

Tangu hapo nakagua hivi. Nakishika kitabu kwa mgongo na kukitazama kwa juu, kwenye mafungu yaliyoshonwa au kugandishwa. Palipo na pengo hupaona. Kisha napitisha kidole gumba kwenye namba za kurasa hasa katikati, ambako hakuna anayetazama. Nafungua ukurasa wenye picha au grafu: ikiwa na ukungu, au maandishi yakiwa yamelala upande mmoja, hiyo ni nakala ya wizi, nayo hunyofoka kabla muhula haujaisha. Mwisho natazama faharasa. Kitabu cha sosholojia kisicho na faharasa kitakulia muda wako wote.

Usinunue wiki ya kwanza. Ngoja wiki ya tatu, umeshaona mhadhiri anasomea kitabu kipi na wenzako wa mwaka wa pili wameshaanza kuuza vyao kwenye makundi ya WhatsApp. Na ukinunua mtaani, kabla ya kulipa muulize muuzaji atakinunua tena kwa ngapi mwezi wa Desemba. Wengine hukuandikia bei hiyo kwa penseli ndani ya jalada, na wanaiheshimu.