Dira ya kijeshi ya kukunja: uzoefu wangu milima ya Uluguru

Nianze na jibu la wanaouliza "ninunue au niache". Kama kazi yako ni kulenga kitu cha mbali, kilele, mnara au kona ya shamba, na kujua kipo digrii ngapi kutoka kaskazini, dira ya lenzi ya mtindo wa jeshi la Marekani sijaona ya kuishinda. Kama unataka ya kulaza juu ya ramani na kuchora nayo, chukua ile ya plastiki angavu. Chenji itabaki.

Yangu ni ya alumini ngumu, inajikunja kama kiboksi. Kifuniko kina waya mwembamba katikati, na nyuma kuna lenzi ndogo yenye mfereji wa kulengea. Unapitisha dole gumba kwenye pete, unaisogeza hadi shavuni, unaweka waya katikati ya mnara, kisha unashusha jicho tu kwenye lenzi na kusoma namba. Wauzaji hawakwambii kwamba mkono wa lenzi ukilala unabana sahani ya namba isizunguke. Unyanyue upite digrii 45, la sivyo utasoma namba ya jana.

Sahani ina duara mbili za namba. Ya nje, nyeusi, ni mili, kipimo kingine cha pembe, 6400 kwa mzunguko mzima, mambo ya wapiga mizinga. Ya ndani, nyekundu, ndiyo digrii. Nilimpa kijana mmoja aijaribu akanijibu kwa kujiamini, "Mzee, mnara uko digrii 2150!"

Tulikuwa upande wa bwawa la Mindu, na mnara wenyewe ni ule wa kilele cha Bondwa juu ya Morogoro. Kwa digrii ilisoma 121. Jumlisha 180 upate 301, huo ndio uelekeo wa kurudi: unachora mstari kutoka Bondwa kuja kwako, unafanya hivyo hivyo kwa kilele kingine, na mistari inapokatana ndipo uliposimama. Ila dira hii si angavu, kwa hiyo bila protrakta mstari huo huuchori vizuri. Ubavu wake una rula ya 1:50,000, skeli ileile ya ramani zetu za topografia, na hilo nimelipenda sana.

Kabla ya kuchora, rekebisha tofauti ya kaskazini ya sumaku na kaskazini ya gridi, yaani ya mistari ya ramani. Huku kwetu ni ndogo, lakini iliyoandikwa pembezoni mwa ramani za zamani imeshapitwa, maana sumaku ya dunia inahama. Digrii 1 ukiipuuza inakupeleka pembeni mita 17 hivi kwa kila kilomita. Na ukilinganisha na GPS ya simu ukakuta umetupwa mita 300 hivi, usiilaumu dira: ramani hizo zimejengwa juu ya Arc 1960, simu inatumia WGS84, mifumo miwili tofauti ya kupimia mahali duniani.

Usiku ndipo inapojionyesha. Pete ya juu, ile inayozungushwa pamoja na kioo, inalia "ti" kila digrii 3, milio 120 kwa mzunguko. Ukitaka digrii 60, weka mstari mfupi unaong'aa sawa na alama nyeusi isiyosogea, zungusha pete kushoto milio 20, kisha geuka wewe mwenyewe hadi mshale wa kaskazini ukae chini ya mstari huo. Tochi ya nini?

Kasoro kubwa ni kwamba niliyouziwa imesawazishwa kwa nchi za kaskazini. Huku sahani inainamia kusini na kukwaruza kioo, inabidi uiinamishe dira kidogo mkononi ndipo sahani izunguke. Wenzetu wa Kenya wasidhani wamepona kwa kuwa ikweta inapita kwao. Ikweta ya sumaku, mstari ambapo sumaku ya dunia haiinamishi sahani upande wowote, iko juu zaidi, Ethiopia huko. Muulize muuzaji kabla hujatoa hela, na akikosa jibu, iweke juu ya meza uangalie sahani imelala vipi. Meza ya mbao lakini, maana chuma kinaivuruga: mwongozo wa kijeshi unataka ukae mita 55 kutoka nyaya za umeme mkubwa na mita 10 kutoka seng'enge. Simu nayo iweke mfuko wa mbali.

Nyota nne kati ya tano. Zile za bei ya chee zenye umbo hilihili, ambazo ndani zina maji na povu la hewa, sizipi hata moja.